Shajara ya mradi: fremu ya nyuzi ya kufundishia mistari sambamba kwenye vipimo vitatu (Mbeya)

Jumamosi, 11 Januari 2025: kwa nini, na vipimo

Vijana wangu wa fomu sita, PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PGM (fizikia, jiografia, hisabati), wana mtihani wa taifa mwezi wa tano na kwenye vekta kuna kitu kimoja bado hakijakaa. Ukiwauliza mistari sambamba ni ipi wanajibu ile isiyokutana, na kwenye karatasi jibu hilo linatosha kabisa, tatizo linaanza ukinyanyuka kutoka kwenye karatasi. Reli za TAZARA pale Iyunga zimeachana milimita 1,067 na hazikutani, sawa, sambamba hizo. Waya wa umeme unaokatiza juu yake nao haukutani na reli hata moja, je na wenyewe ni sambamba na reli? Nusu ya darasa ikasema ndio. Na siwalaumu, maana Euclid mwenyewe kwenye fasili yake aliweka sharti kwamba mistari iwe kwenye bapa moja (uso mmoja tambarare), ila sisi tunaliruka hilo sharti kwa sababu fomu two kila kitu kipo kwenye bapa moja tayari, yaani ubaoni.

Kwa hiyo tunatengeneza fremu ya mbao yenye umbo la mchemraba, sentimita 60 kila upande, alafu mistari inakuwa nyuzi zilizovutwa ndani yake. Naandika kila hatua ili mwalimu wa Njombe au Tukuyu au Makambako akitaka kutengeneza ya kwake asianzie sifuri.

Uniti moja ni sentimita 10, kwa hiyo koodineti zinaenda 0 mpaka 6. Ukiwa umesimama mbele ya fremu, x inaenda kulia, y inaenda ndani kukuacha, z inapanda juu. Mstari unahitaji vitu viwili tu, nukta unapopita na vekta ya mwelekeo, yaani namba tatu zinazosema unasogea kiasi gani kwenye x, y na z:

(x, y, z) = (0, 1, 1) + t(3, 1, 2)

yaani x = 3t, y = 1 + t, z = 1 + 2t, t ikiwa namba yoyote. Ukitaka mstari sambamba na huu unaopita nukta nyingine, mfano (3, 4, 3), mwelekeo unaubakiza kama ulivyo unabadilisha nukta: x = 3 + 3s, y = 4 + s, z = 3 + 2s. Kazi ya kuandika imeishia hapo, mstari mmoja wa daftari. Ndo maana wanakariri bila kuona chochote.

Manunuzi ya leo: mbao za paini moja kwa mbili vipande 3, sh 7,500. Misumari na skrubu sh 3,500. Mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, sh 2,000.

Jumamosi, 18 Januari: fremu tupu haifai

Fundi wangu wa Mafiati alikata vipande 12 vya sentimita 60, akaunga, fremu ikasimama. Tukapiga misumari midogo kwenye kingo ili tufunge mshipi. Hapo ndo ilipogomea.

Angalia mstari wa kwanza. Unaanzia (0, 1, 1), ukiweka t = 2 unafika (6, 3, 5). Nukta zote mbili zipo katikati ya uso wa kushoto na uso wa kulia, mahali ambapo hamna mbao, ni hewa tu. Ukiwa na kingo peke yake unaweza kufunga mistari michache sana, na mingi ni ile ya kona kwa kona ambayo kila kitabu kinayo. Tukajaribu kuongeza vijiti vya kukatiza ili tupate pa kufungia, fremu ikawa kama kichanja na huoni ndani.

Dawa ni mbao mbili bapa za plaiwudi, moja uso wa kushoto (x = 0) nyingine uso wa kulia (x = 6), zimetobolewa matundu kila baada ya sentimita 5. Plaiwudi ya milimita 6, vipande vya kubakia dukani, sh 12,000. Kuanzia sentimita 5 mpaka 55 ni matundu 11 kwa 11, yaani 121 kila ubao. Bandika mbao zote mbili pamoja uzitoboe kwa mkupuo mmoja, la sivyo matundu ya kushoto na kulia hayatalingana na kila kitu kinachofuata kitakuwa uongo.

Hii ikatuletea sheria ya kuchagua mwelekeo. Kutoka ubao mpaka ubao x inaongezeka 6, kwa hiyo t inaongezeka 6 gawanya kwa namba ya kwanza ya mwelekeo. Ikiwa (3, 1, 2), t inaongezeka 2, unaangukia kwenye tundu. Ikiwa (4, 1, 3), t inaongezeka 1.5, y inapanda 1.5 na z inapanda 4.5, bado kuna tundu. Ikiwa (5, 1, 2), t ni 1.2 na hamna tundu la 1.2. Wanafunzi walipenda sana hii, maana kwa mara ya kwanza t ilikuwa na kazi ya kufanya, walikuwa wanaitafuta wenyewe ili wajue sindano iingie wapi.

Jumamosi, 25 Januari: kipimo cha 19.3 kinakataa

Nyuzi mbili za kwanza zimeingia. Wa kwanza (0, 1, 1) mpaka (6, 3, 5). Wa pili, ule unaopita (3, 4, 3), ukiweka s = −1 unapata (0, 3, 1), s = 1 unapata (6, 5, 5).

Swali nililowapa: umbali kati ya hii mistari ni ngapi? Wote wakasema sentimita 20, kwa sababu kwenye ubao wa kushoto matundu yameachana uniti 2 na kulia hivyohivyo. Ila umbali wa mistari sambamba unapimwa kwa pembe mraba na uzi wenyewe, na uzi unapita kimshazari ukilinganisha na ubao. Kwa krosi, yaani kuzidisha vekta mbili upate ya tatu iliyo pembe mraba na zote mbili: tofauti ya nukta ni (0, 2, 0), mwelekeo (3, 1, 2), ukizikrosi unapata (4, 0, −6), urefu wake mzizi wa 52, gawanya kwa mzizi wa 14, jibu 1.93. Sentimita 19.3.

Tukashika futi na skwea. Kushoto 19, katikati 19, kulia 19. Milimita 3 pungufu kila mahali, na kila mahali ni sawa. Hapa vijana waligawanyika, wengine wakasema kanuni ni ya makadirio (siyo), wengine wakasema mistari haijawa sambamba.

Tukapima kona kwa kona uso wa juu wa fremu. Mraba wa 60 unatakiwa utoe 84.9 pande zote mbili. Sisi tulipata 87 na nusu huku, 82 kule. Fremu ilikuwa imelala kwenda ndani, ubao wa kulia umesogea kama sentimita 4 upande wa y. Sasa kaa ufikirie: ubao wote umesogea 4, kwa hiyo kila uzi ncha yake ya kulia imeongezewa 4 zilezile, mwelekeo wa kila mmoja umebadilika kwa kiasi kilekile, na nyuzi zilizokuwa sambamba zinabaki sambamba. Kinachobadilika ni umbali na pembe. Weka 24 mahali pa 20 kwenye y ya mwelekeo (60, 20, 40), umbali unatoka 19.0, sawasawa na futi.

Nilitaka kumwita fundi anyooshe palepale, nikaona hapana, nikaiacha imelala mpaka kipindi kinachofuata ili na lile darasa lingine waione. Kitu hicho huwezi kukionyesha ubaoni.

Marekebisho: pembetatu ndogo za plaiwudi zilizobakia, skrubu kila kona. Usitegemee misumari. Baada ya hapo kona kwa kona zilirudi 84.9 na 85, na nyuzi zikasoma 19.3.

Jumamosi, 8 Februari: mvua

Mbeya mwezi wa pili mnaijua, mlima Loleza hauonekani toka asubuhi na ndani ya stoo kila kitu kina unyevu. Mambo mawili yaliharibika kwa pamoja.

La kwanza mshipi. Nailoni inanyonya unyevu na inarefuka, nyuzi zote zikalegea zikaning'inia tumbo, na uzi wenye tumbo siyo mstari ulionyooka tena. Ukikaza leo, kesho umelegea. Tukaondoa wote. Badala yake tumeweka uzi wa kufumia wa rangi nne, sh 4,000, na hatufungi fundo upande wa kulia: uzi unapita kwenye tundu unatoka nje, unaning'inizwa nati nzito. Nati inauvuta muda wote kwa nguvu ileile, uzi urefuke ufupike haijalishi. Nati za kuokota kwenye vyuma chakavu Mwanjelwa, sh 5,000 kikombe. Hili ndo badiliko lililotusaidia kuliko yote, ukitengeneza ya kwako anza nalo moja kwa moja.

La pili paini. Mbao zilikuwa hazijakauka vizuri, nguzo moja ikajinyonga na ubao wa kulia ukazunguka kidogo, labda digrii 5. Futi karibu isituambie kitu: kushoto 19.3, kulia 19. Kilichotuambia ni jicho. Mstari wa kwanza na wa pili vyote vina z = 1 + 2x/3, kwa hiyo ukisimama mbele ukafumba jicho moja ukaliweka kwenye usawa wa lile bapa, uzi wa mbele unaufunika wa nyuma wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sasa hivi kushoto ulifunika, kulia nyuzi zimeachana karibu sentimita 2. Tukahama, tukachuchumaa, tukapanda kwenye stuli, hamna mahali popote uzi mmoja ulikubali kuufunika mwenzake wote.

Nataka mwalimu mwenzangu usimame hapa kidogo. Jicho lako na uzi mmoja vinatengeneza bapa. Uzi wa pili ukifichika wote nyuma ya ule wa kwanza, basi na wenyewe upo kwenye bapa hilohilo. Kwa hiyo "tafuta pa kusimama mpaka mmoja amfiche mwenzake" ndo lile sharti la Euclid la bapa moja, limegeuka kuwa kitu unachofanya kwa miguu yako. Nyuzi sambamba zinafichana, zinazokatana zinafichana pia, zinazopishana bila kukutana hazifichani hata uhangaike vipi.

Fremu ikilala, usambamba unabaki. Ikijinyonga unapotea, kwa sababu kila tundu linasogea kivyake. Nguzo tumebadilisha kwa kipande kilichokuwa kimebaki, kikakaushwa kwanza juu ya jiko la mkaa kwa fundi siku kadhaa. Ukienda kununua omba paini iliyokauka hata kama bei imezidi, huku kwetu nyingi inatoka Mufindi na inafika sokoni ikiwa bado nzito ya maji.

Jumamosi, 22 Februari: nyuzi zinazodanganya

Fremu imetulia, sasa kazi yenyewe. Nimeweka mitego mitatu, natoa namba ili uinakili.

Mtego wa kwanza: (0, 5, ½) mpaka (6, 1, 4½), mwelekeo (3, −2, 2). Mmoja wa vijana alipiga picha kwa simu akiwa mbali, upande wa mbele, na kwenye picha uzi huu na ule wa kwanza ni sambamba safi, umeachana nusu uniti mwanzo mpaka mwisho. Picha ya pili akapiga kutoka juu, zinakatana, pale x = 4. Darasa zima kimya. Ukihesabu: pale x = 4 mstari wa kwanza una z ya 3.67, huu una 3.17, yaani zimepishana sentimita 5, tukapitisha kidole katikati. Picha moja inasema sambamba, nyingine inasema zinakatana, na zote mbili zinakosea.

Mtego wa pili: (0, 3, 1) mpaka (6, 5, 4), mwelekeo (6, 2, 3). Huu ndo unaoua watu kwenye mtihani. Wanalinganisha 3 kwa 1 na 6 kwa 2, wanaona imekubali, wanaandika sambamba wanaendelea, namba ya tatu hawakuiangalia. Ingetakiwa iwe 4. Kwenye fremu ukiangalia kutoka juu ni sambamba kweli, ukija mbele zinaachana. Kulinganisha x na y tu ni kuangalia kutoka juu tu. Kulinganisha x na z tu ni kuangalia kutoka mbele tu. Nilipowaambia hivyo niliona sura zinabadilika.

Mtego wa tatu: (x, y, z) = (3, 2, 3) + s(−6, −2, −4). Kijana akazidisha, mwelekeo ni ule wa kwanza mara −2, sambamba, akachukua sindano. Akaweka s = ½ akapata (0, 1, 1), tundu lina uzi tayari. Akaweka s = −½ akapata (6, 3, 5), lina uzi tayari. Ni mstari uleule umeandikwa kwa nguo nyingine. Kwa hiyo ukishaona mielekeo inakubaliana hujamaliza, chukua nukta ya mmoja iweke kwenye mwingine. (3, 2, 3) kwenye mstari wa kwanza: x inatoa t = 1, y inatoa t = 1, z inatoa t = 1. Zikikubaliana zote tatu ni mstari mmoja, ikikataa hata moja ni miwili tofauti.

Jumamosi, 8 Machi: sifuri

Binti mmoja wa PGM, mtulivu, akauliza: mwalimu, ule wa (0, 1, 2) tunaufunga wapi? Hakuna pa kufunga. Namba ya kwanza ni 0, x haibadiliki, uzi hautoki ubao wa kushoto wala haufiki wa kulia, unatembea katikati yao milele. Na ukienda kwenye ile namna ya kuandika kwa sehemu, (x − 3)/0 = (y − 1)/1 = z/2, unagonga sifuri chini ya mstari. Mbao na hesabu zimegoma mahali palepale. Dawa ya hesabu ni kuitoa x iandikwe peke yake: x = 3, na pembeni y − 1 = z/2. Dawa ya mbao ni vijiti viwili vya kukatiza pale x = 3, kimoja chini kimoja juu, kutoka mbao zilizobaki. Uzi unatoka (3, 1, 0) unapanda mpaka (3, 4, 6).

Tukaongeza vijiti vingine viwili pale x = 5 na uzi wa mwelekeo (0, 1, 6), kutoka (5, 2, 0) mpaka (5, 3, 6). Ule wa (0, 1, 2) na huu, ukiangalia kutoka juu vyote vinafuata y. Ukiangalia kutoka mbele vyote vimesimama wima. Picha mbili zote zinasema sambamba, na siyo sambamba, mmoja umelala zaidi ya mwingine. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimewaambia juu na mbele vinatosha, na kweli vinatosha, mradi x ya mwelekeo isiwe 0. Ikiwa 0 lazima uende pembeni uangalie y na z. Yule binti aliliona kabla sijalisema, na nimemwachia yeye awafundishe wenzake sehemu hiyo.

Jumamosi, 15 Machi: mstari uliofichwa kwenye mabapa mawili

Swali la aina hii hutolewa: tafuta mstari unaopita (3, 4, 3), sambamba na mahali mabapa x − y − z = −2 na 2y − z = 1 yanapokutana. Mwelekeo hujapewa. Unachukua vekta zinazosimama wima kwenye kila bapa, (1, −1, −1) na (0, 2, −1), unazikrosi, unapata (3, 1, 2). Mahali yanapokutana ni mstari wetu wa kwanza kabisa, na ukiweka (0, 1, 1) na (6, 3, 5) kwenye mabapa yote mawili zinakubali.

Tulijaribu kuonyesha kwa maboksi ya katoni yaliyochanwa na kupachikwa. Katoni inalegea, haikai kwenye pembe yake, na inaziba nyuzi. Imeshindikana, naiacha. Fundi aliyekuja kuchukua drili yake akaangalia akasema, "Mwalimu, si ni bati hizi? Zinakutana kwenye kofia, na papi zote zinafuata kofia." Akaniambia niwapeleke kwenye nyumba anayoezeka Uyole. Tulienda Alhamisi. Miteremko miwili ya bati ni mabapa mawili, kofia ndo mstari yanapokutana, papi zilizopigwa chini yake ni mistari sambamba nayo, kila moja na nukta yake. Fundi anazipata kwa kupima kutoka kofia umbali uleule ncha zote mbili. Vijana wakamwambia hiyo ni sahihi kwa sababu ncha zote zipo kwenye bapa moja, na yeye akajibu "ndaga" (asante kwa Kinyakyusa) akaendelea kugonga.

Gharama mpaka leo: mbao 7,500, plaiwudi 12,000, skrubu na misumari 3,500, mshipi uliotupwa 2,000, uzi wa kufumia 4,000, nati 5,000, fundi 10,000. Jumla sh 44,000. Ukiruka mshipi ni 42,000.

Kilichobaki: matundu ya milimita 3 ni makubwa kwa uzi mwembamba, uzi unaegemea ukingo na koodineti inahama kidogo. Nitajaza mirija ya kalamu za Bic zilizoisha kwenye matundu yanayotumika sana, alafu nipime tena ile 19.3.